Haskell Curry: Mwanahisabati aliyetufundisha kukagua mzigo kabla ya safari

MFANYABIASHARA wa Kamenge anayepeleka bidhaa Uvira kupitia Gatumba, au anayeingiza mchele kutoka Tanzania kupitia Kobero, analijua jambo moja bila kufundishwa darasani. Hati ikisema magunia ya mchele, na ndani ya gari kukakutwa madumu ya mawese, safari imekwama.

Hapo hakuna anayesema mchele ni mbaya wala mawese ni mabaya. Tatizo ni kwamba kilichoandikwa na kilicholetwa havilingani. Mwenye bahati ni yule anayeligundua kosa akiwa bado Kamenge, gari halijawashwa, si yule anayeligundua mpakani jua likiwa la utosi.

Wataalamu wa kompyuta nao wana kosa la namna hiyo. Wanaliita kosa la aina. Linawasumbua hasa vijana wanaojifunza lugha za kompyuta zinazojengwa juu ya fankisheni, yaani kanuni zinazopokea kitu na kutoa kitu kingine. Mojawapo ya lugha hizo inaitwa Haskell.

Jina hilo ni la mtu. Leo tunamwangalia mtu huyo, Haskell Brooks Curry, mwanahisabati wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1982, miaka minane kabla ya lugha hiyo kutangazwa rasmi.

Inafaa tumfahamu. Maisha yake ni habari ya mtu aliyeona kazi yake ya miaka mingi ikitobolewa hadharani na wenzake, naye badala ya kuitupa akakaa chini kutafuta kosa liliingilia wapi.

Mtoto wa walimu wa kuzungumza

Curry alizaliwa Septemba 12, 1900 katika mji mdogo wa Millis, jimbo la Massachusetts. Baba yake, Samuel Silas Curry, na mama yake, Anna Baright Curry, walikuwa wakiendesha shule mjini Boston iliyofundisha watu namna ya kuzungumza mbele ya hadhara. Shule hiyo baadaye ilikua na kuwa chuo kinachoitwa Curry College.

Mtoto huyo wa walimu wa ufasaha hakufuata njia ya wazazi. Mwaka 1916 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na nia ya kuwa daktari.

Mwaka uliofuata Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kijana Curry aliona hisabati ingefaa zaidi kwa nchi iliyo vitani, akabadili masomo. Alihitimu mwaka 1920.

Baada ya hapo alikwenda chuo cha ufundi cha MIT kusomea uhandisi wa umeme, huku akifanya kazi katika kampuni ya General Electric. Hakudumu. Aliona wahandisi wanaridhika jibu likiwa sahihi, ilhali yeye alitaka kujua kwa nini ni sahihi.

Akahamia fizikia na kupata shahada ya pili Harvard mwaka 1924. Hata fizikia haikumtosheleza, akarudi kwenye hisabati. Ndani ya hisabati kwenyewe alipewa mada ya milinganyo ili aandikie shahada ya udaktari, naye akaiacha na kukimbilia mantiki, yaani elimu ya kanuni za kufikiri.

Udaktari, uhandisi, fizikia, hisabati, kisha mantiki. Kwa mtu wa nje angeonekana kijana asiyetulia. Lakini kila alipohama alikuwa akifuata swali lile lile la kwa nini, akizidi kushuka chini kuelekea kwenye msingi.

Kanuni moja iliyomsumbua

Miaka hiyo kitabu kikubwa cha mantiki kilikuwa kile cha Bertrand Russell na Alfred North Whitehead, Principia Mathematica, kilichotoka kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1910 na 1913. Curry alipokisoma alikwama kwenye kanuni moja ambayo wengine walipita juu yake bila kuijali.

Ni kanuni ya kubadilisha jina kwa kitu. Katika mkataba wa kuuziana kiwanja pameandikwa mnunuzi na muuzaji. Siku ya kutia sahihi, mahali pa mnunuzi pana jina la mtu fulani, na mahali pa muuzaji pana jina la mwingine. Kila mtu anadhani hilo ni jambo jepesi.

Curry aliona si jepesi hata kidogo. Ndani yake kuna hatua nyingi zilizofichika, na mahali penye hatua zilizofichika ndipo makosa hujificha. Akaamua kuivunja kanuni hiyo vipande vipande mpaka vibaki vipande vidogo visivyovunjika tena.

Mwaka 1927, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Princeton, aligundua kwamba kuna mtu aliyemtangulia. Moses Schönfinkel alikuwa amechapisha karatasi mwaka 1924 yenye wazo hilo hilo. Curry hakujaribu kulificha jina la mwenzake. Alikwenda Göttingen, Ujerumani, mahali wazo lile lilikozaliwa, ili alisome kwa undani.

Alisafiri mwaka 1928 pamoja na mkewe, Virginia Wheatley, waliyeoana mwaka huo huo. Huko Göttingen alifanya kazi chini ya David Hilbert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zile, akisaidiwa kwa karibu na Paul Bernays. Tasnifu yake ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1930.

Mwaka 1929 alikuwa tayari amerejea Marekani na kuajiriwa katika chuo cha jimbo la Pennsylvania, kinachojulikana leo kama Penn State. Alifundisha hapo mpaka mwaka 1966.

Kupokea kimoja kimoja

Kutoka kwa Schönfinkel, na kabla yake Gottlob Frege, Curry alirithi wazo ambalo leo limepewa jina lake. Ni kwamba fankisheni inayohitaji vitu viwili inaweza kuangaliwa kama fankisheni inayopokea kitu kimoja, halafu ikarudisha fankisheni nyingine inayosubiri cha pili.

Tuseme msafirishaji anahitaji kujua mambo mawili, mzigo na mahali pa kuupeleka. Ukimpa mzigo tu, hujapata safari. Umepata msafirishaji aliyepakia na anayesubiri kuambiwa aende Rumonge, Gitega au Uvira.

Wazo hilo lina faida kubwa, kwa sababu msafirishaji aliyekwisha kupakia anaweza kutumika mara nyingi kwa miji tofauti. Lakini ndilo pia linaloleta kosa la kwanza analokutana nalo kila mwanafunzi.

Mwanafunzi anasahau kutaja mahali. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri kazi yake ili mashine iielewe, si kila mara inamwambia kwamba amesahau. Inamwambia ilitarajia safari, ikaletewa kitu kinachosubiri mahali. Tena mara nyingi inalalamika mbali na pale kosa lilipotokea, kwenye mstari ambao safari ilikuwa itumike.

Dawa yake ni kuhesabu. Ukiona ujumbe unataja kitu kinachosubiri kitu kingine mahali ulipotarajia kitu kamili, rudi nyuma uhesabu umekabidhi vitu vingapi na vilihitajika vingapi. Na ukiona umeletewa kamili mahali pa kinachosubiri, basi umetoa kimoja zaidi.

Pigo la mwaka 1935

Curry alitaka mfumo wake uwe msingi wa hisabati yote. Alonzo Church wa Princeton naye alikuwa akijenga mfumo wa jamaa moja na huo. Kazi zote mbili zilikuwa zikienda vizuri machoni pa watu.

Mwaka 1935 wanafunzi wawili wa Church, Stephen Kleene na Barkley Rosser, walichapisha ugunduzi mchungu. Walionyesha kwamba mfumo wa mwalimu wao, na pia ule mpana wa Curry, unajipinga wenyewe. Katika mfumo unaojipinga kila kitu kinaweza kuthibitishwa, ukweli na uongo pamoja, kwa hiyo haufai kitu.

Kwa mtu aliyetumia miaka hiyo yote kujenga, hilo ni pigo. Church aliiacha sehemu kubwa ya ujenzi wake akabaki na kiini kidogo kisicho na dosari, ambacho leo ndicho shina la lugha zote za fankisheni.

Curry alichukua njia nyingine. Hakutaka kukimbia kabla ya kujua hasa ni tofali gani lililooza. Uthibitisho wa Kleene na Rosser ulikuwa mrefu na mgumu, naye akaupunguza, akaupunguza tena, mpaka mwaka 1942 akatoa njia fupi ya kufikia mkanganyiko ule ule. Njia hiyo inaitwa leo kitendawili cha Curry.

Tunaweza kukieleza kwa mfano wa sokoni. Mtu anaandika sentensi inayosema kwamba, iwapo sentensi hii ni ya kweli, basi bidhaa zote za soko la Kamenge ni mali yangu.

Sasa tuseme, kwa kujaribu tu, sentensi hiyo ni ya kweli. Basi inachosema kinafuata, na bidhaa ni zake. Kwa hiyo tumeonyesha kwamba ikiwa sentensi ni ya kweli, bidhaa ni zake. Lakini hicho ndicho sentensi inachosema neno kwa neno! Kumbe tumeithibitisha, na bidhaa ni zake kweli.

Bila kulipa hata faranga moja, mtu amechukua soko zima kwa sentensi inayojizungumzia yenyewe. Curry alionyesha kwamba hakuna haja hata ya neno si au sivyo ili kuuharibu mfumo. Inatosha kuruhusu kitu kijipokee chenyewe na kuwa na kanuni za kawaida za kama na basi.

Aina kama mlinzi wa lango

Hatari ya vitu vinavyojipokea vyenyewe ilikuwa imeonekana mapema. Russell aliikuta mwaka 1901, na dawa aliyoipendekeza ilikuwa kugawa vitu katika aina, ili kila kitu kijulikane kiko daraja gani na kinaruhusiwa kukutana na nini.

Curry naye mwaka 1934, mwaka mmoja kabla ya pigo, alikuwa ameanza kuviwekea vipande vyake aina. Kila kipande kikaandikiwa kinapokea kitu cha aina gani na kinatoa kitu cha aina gani. Palepale akaona jambo la ajabu. Aina za vipande vyake vya msingi zilifanana kabisa na kanuni za msingi za mantiki zinazohusu kama na basi.

Jambo hilo alilieleza kwa upana katika kitabu alichoandika na Robert Feys wa Ubelgiji, kilichotoka mwaka 1958. Mwaka 1969 William Howard aliliendeleza katika maandishi yaliyokuja kuchapishwa mwaka 1980, ndani ya kitabu cha heshima kwa Curry. Leo wataalamu wanaliita uhusiano wa Curry na Howard. Maana yake ni kwamba kuandika programu ambayo aina zake zinalingana ni sawa na kuandika uthibitisho wa hisabati usio na pengo.

Vijana wanakutana na jambo hilo bila kujua historia yake. Siku moja kompaila inawaambia kwamba haiwezi kuunda aina isiyo na mwisho. Mwanafunzi anashangaa, maana hakuomba kitu kisicho na mwisho.

Kilichotokea ni kwamba, pengine kwa kukosea mpangilio wa maneno, ametaka kitu kiwe aina yake na wakati huo huo kiwe sehemu ya ndani ya aina hiyo hiyo. Ni kama gunia linalotakiwa kuingia ndani ya gunia hilo hilo. Mlinzi anayemkataza ni yule yule anayezuia kitendawili cha Curry kisipite langoni. Mara nyingi utakuta mwanafunzi ametumia orodha mahali pa kitu kimoja cha orodha, au amempa kitu fankisheni asiyohusika nayo.

Vita na mashine ya kwanza

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoifikia Marekani, Curry aliacha darasa mwaka 1942 na kufanya kazi za hisabati kwa ajili ya jeshi. Mwishoni mwa vita alikuwa Aberdeen, jimbo la Maryland, kwenye maabara ya jeshi iliyoshughulikia mahesabu ya mizinga.

Huko alikutana na ENIAC, mmoja wa mitambo ya kwanza ya kompyuta ya elektroniki, uliozinduliwa Februari 1946 mjini Philadelphia. Mwaka huo huo yeye na mwanahisabati Willa Wyatt waliandika ripoti ya namna ya kuufanyisha mtambo huo hesabu moja ngumu.

Wakati huo kuprogramu kulikuwa kuhamisha nyaya na kugeuza swichi. Curry aliliona tatizo lake la zamani katika sura mpya. Programu kubwa inatengenezwa kwa kuingiza programu ndogo ndani ya nyingine, na huko ni kule kule kubadilisha jina kwa kitu kulikomsumbua tangu ujana.

Katika ripoti alizoandika hadi kufikia mwaka 1950 alieleza namna ya kuunganisha programu ndogo kwa kanuni, bila kubahatisha, na kutenganisha maneno ya mashine yaliyo amri na yale yaliyo hesabu. Alikuwa mbele ya wakati wake. Wajenzi wa mashine walikuwa na haraka, na ripoti hizo hazikusomwa sana.

Curry alirudi Pennsylvania kufundisha. Mwaka 1966 alikwenda Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, alikokaa mpaka mwaka 1970. Juzuu ya pili ya kitabu chake, aliyoiandika na Roger Hindley na Jonathan Seldin, ilitoka mwaka 1972. Alifariki dunia Septemba 1, 1982, siku chache kabla ya kutimiza miaka 82.

Jina ambalo hakulipenda

Wakati huo mbegu yake ilikuwa imeshaota kwingine. Mwaka 1969 Hindley alionyesha namna ya kutafuta aina ya kitu bila mwenyewe kuitaja, na mwaka 1978 Robin Milner wa Edinburgh, Scotland, akaitumia njia kama hiyo katika lugha ya kompyuta ya ML.

Mwaka 1987 wataalamu wa lugha za fankisheni walikutana Portland, jimbo la Oregon. Kila kundi lilikuwa na lugha yake na hakuna lugha iliyotumiwa na wote. Wakakubaliana watengeneze moja. Katika kikao cha Januari 1988, Chuo Kikuu cha Yale, wakaipa jina la Haskell.

Waliomba ridhaa ya mjane, Bi. Virginia Curry, naye akaitoa. Lakini alimweleza mmoja wao kwamba marehemu mumewe hakuwahi kulipenda jina hilo la Haskell. Toleo la kwanza la lugha hiyo lilitangazwa Aprili 1990, na jina asilolipenda mwenyewe likaenea duniani kote.

Hata ukanda wetu umefikiwa. Mwaka 2019 kampuni ya IOHK iliendesha mafunzo ya lugha ya Haskell mjini Addis Ababa, na wanafunzi wake walikuwa wanawake kutoka Ethiopia na Uganda.

Gunia na gunia la mpunga

Kinachowatesa zaidi wanaoanza ni kujenga mikataba ya jumla. Badala ya kuandika kanuni ya gunia, nyingine ya kikapu na nyingine ya sanduku, mtu anaandika mkataba mmoja wa chombo chochote kile. Mkataba maarufu wa namna hiyo unaitwa fankta. Unasema kwamba ukiwa na chombo, na ukawa na njia ya kubadili kitu kimoja kilichomo, basi unaweza kubadili vyote vilivyomo na chombo kikabaki na umbo lake. Chombo cha mpunga kinakuwa chombo cha mchele.

Mwanafunzi anapotaka kusajili gunia lake kwenye mkataba huo anaandika gunia la mpunga. Kompaila inakataa. Yeye anakagua mashine ya kukoboa, anakagua mpunga, haoni kosa.

Kosa halimo humo. Mkataba uliomba chombo kinachosubiri kuwekwa kitu, yeye ameleta chombo kilichokwisha kujazwa. Aandike gunia tu, bila kutaja kilichomo, na lango litafunguka. Na kama chombo kina nafasi mbili, nafasi ya mwanzo ijazwe, ile ya mwisho iachwe wazi.

Kosa la pili katika mikataba hii ni la kuahidi zaidi ya uwezo. Mtu anaahidi kupokea kitu chochote, kisha ndani ya kazi yake anakijumlisha kana kwamba ni namba. Kompaila inamkumbusha kwamba ameahidi chochote, na chochote kinaweza kuwa jina la mtu.

Hapo kuna njia mbili. Apunguze ahadi aseme anapokea namba tu, au aongeze sharti kwamba kitu hicho kiwe cha kujumlishika. Lakini kuna mikataba isiyokubali sharti jipya. Ndiyo maana seti inayopanga vitu vyake kwa mfuatano haiwezi kuingia katika mkataba wa kawaida wa fankta. Seti inadai vitu vinavyopangika, na mkataba hauruhusu dai hilo. Hilo si kosa la kurekebishwa kwa kuhangaika na herufi. Ni jibu kwamba mkataba na chombo havifai pamoja.

Njia ya kutafuta kosa ni ile ile ya Curry ya mwaka 1942, yaani kupunguza. Kwanza soma ujumbe katika sehemu mbili, kilichotarajiwa na kilicholetwa, ujiulize vinatofautiana wapi hasa. Pili, andika wazi aina ya kila kipande hata kama kompaila inaweza kuitafuta yenyewe, maana hati ikiwepo kosa linakamatwa karibu na mwenye kosa. Tatu, kata kazi vipande vidogo ukague kimoja kimoja.

Nne, ukikwama kabisa, weka kistari cha chini mahali usipojua pa kuweka nini. Kompaila za Haskell za miaka ya karibuni zitakuambia pengo hilo linahitaji kitu cha aina gani.

Hata hivyo aina si mwisho wa ukaguzi. Hati inaweza kusema mchele, ndani mkawa mchele kweli, lakini kilo zikawa pungufu. Programu yaweza kupita langoni ikiwa na hesabu isiyo sahihi. Ndiyo maana mali bila daftari huisha bila habari, hata kwa wenye kompyuta.

Kosa halina aibu

Wapo Warundi waliozaliwa Katumba, Mishamo au Ulyankulu, wakasoma kwa Kiswahili na Kiingereza, kisha wakarudi nyumbani wakakuta shule na ofisi zinadai Kifaransa na Kirundi. Elimu yao ilikuwa nzima. Ila lango lilitarajia kitu kimoja, wao wakawa wameleta kingine. Wengi waliambiwa, au walijiambia wenyewe, kwamba hawajui kitu.

Curry asingekubaliana na hukumu hiyo. Kutolingana hakuelezi thamani ya kilicholetwa. Kunaonyesha mahali pa kujenga daraja, liwe la lugha, la ulinganisho wa vyeti au la kuanza upya kama alivyoanza yeye mara nne.

Mwaka 1935 wenzake walimwonyesha kwamba msingi wake una ufa. Angeweza kubomoa nyumba, angeweza pia kupaka chokaa juu yake. Yeye aliufuata ufa huo mpaka chanzo chake, na kazi hiyo ikawa sehemu ya urithi wa lugha za kompyuta zinazokagua kila mzigo kabla ya gari kuondoka. Kijana wa Kamenge anayekaa mbele ya kompyuta na kuambiwa kwamba kilichotarajiwa si kilicholetwa, asizime mashine. Ameonyeshwa mahali pa kuanzia.